Sadaka Iliyochelewa

Somo: Mathayo 5:23–24

Pikipiki ya Baba ilikaa miaka hamsini katika banda lililo nyuma ya nyumba yetu, huku milima ya Upare. Ilikuwa imeegemezwa ukutani, magunia matupu juu yake, kuku wakitagia chini ya tangi. Ni BSA Bantam, ile ya kwanza iitwayo D1, ya rangi ya kijani hafifu. Baba aliinunua mwaka 1965 kwa mmisionari aliyekuwa akirudi kwao. Alikuwa mwinjilisti, na mitaa aliyoihudumia ilikuwa mitatu, kila mmoja na mlima wake. Kwa miaka tisa pikipiki ile ilimpeleka kwenye ibada, kwa wagonjwa na kwenye mazishi. Mwaka 1974 ikafa, na tangu hapo Baba alitembea kwa miguu mpaka alipostaafu.

Katika nyumba yetu habari ya kufa kwake ilijulikana na kila mtu: kaka yangu aliiua. Alikuwa na miaka 18. Alitumwa Same siku ya Jumamosi, na wakati wa kurudi, katikati ya mlima, injini ikakaba ghafla. Akaanguka na kuvunjika kiwiko. Baba alisema ameikimbiza kupita kiasi ili kuwaonyesha vijana wenzake. Kaka alijibu mara moja tu, "Baba, sikuikimbiza." Hakusadikiwa. Mwaka ule ilikuwa apelekwe Moshi kujifunza ufundi, Baba akakataa. Alisema asiyeweza kutunza chombo cha Bwana hawezi kukabidhiwa vyombo vya watu. Fedha zile zilikaa, na baadaye mimi nikasomea ualimu kwazo. Kaka akashuka tambarare kulima. Amekuwa huko tangu siku hizo.

Nimeyaandika haya kwanza ili msomaji ajue ni nini kilichokuwa ndani ya lile banda. Mimi sikujua. Niliona pikipiki tu.

Usharika wetu ulipoanza maandalizi ya Jubilei, kamati iliomba familia za wainjilisti wa zamani zilete vitu vya ukumbusho. Nikasimama mbele ya watu nikaahidi kwamba nitaifufua pikipiki ya Baba na kuitoa sadaka siku ile, iwaka na iendeshwe mpaka mlangoni pa kanisa. Watu walipiga makofi. Kusema kweli, makofi yale yalinipendeza kuliko inavyompasa mzee wa kanisa. Nilikuwa mwalimu mstaafu wa Historia, na sikuwahi kushika spana zaidi ya kukaza nati ya baiskeli.

Fundi niliyemwendea ni kijana anayetengeneza bodaboda pale njia panda. Nilimfundisha darasa la sita. Nilidhani tutaanza kufungua siku hiyo hiyo. Yeye akavuta kigoda akakaa. "Mwalimu, kwanza tuiangalie." Tuliiangalia saa nzima. Aliniagiza nichore kila upande, nionyeshe waya gani unaingia wapi. Kisha tukakusanya makopo ya maziwa, na kila kilichofunguliwa kikapata kopo lake na jina lake. Alinionya nisipige nyundo kitu chochote nisichokijua kazi yake. Nilimaliza miaka 37 nikiwaambia watoto wasikilize kabla ya kujibu, na sasa mtoto mmoja wao alikuwa ananifundisha mimi.

Alinieleza jinsi injini ile inavyofanya kazi, nami nataka niieleze hapa kwa sababu mambo yaliyofuata yanategemea hilo. Pikipiki nyingi za leo zina oili yake injini, imehifadhiwa chini kama maji katika mtungi. Bantam haina. Ni injini ya mapigo mawili. Pistoni inapopanda, kwa juu inabana petroli na hewa tayari kwa moto wa plagi, na kwa chini inavuta petroli na hewa nyingine kuingia chumba cha karanki. Moto ukiwaka, pistoni inasukumwa chini. Ikishuka inafungua tundu la moshi, halafu inafungua njia ambazo kwazo ule mchanganyiko mpya unapanda kutoka chini na kuusukuma moshi utoke. Kwenda na kurudi, basi, kazi imekwisha. Ni ujanja mzuri ajabu katika silinda ya sentimita za ujazo 123.

Lakini kwa kuwa chumba cha chini ni njia ya petroli, huwezi kukijaza oili. Oili inachanganywa na petroli yenyewe ndani ya tangi. Kila tone linalowaka limebeba sehemu ndogo ya oili, na hiyo ndiyo inayolainisha pistoni, silinda na konrodi. Hakuna akiba mahali popote. Nilipoelewa hivyo niliwakumbuka wale wanawali kumi wa Mathayo 25, nikaandika katika daftari kwamba imani nayo ni hivyo: haiwekwi ghalani kwa ajili ya Jumapili, inachanganywa katika kila tone la siku. Nilijisifu kwa maneno hayo. Nilidhani ndiyo mahubiri ambayo pikipiki ilikuwa imenitunzia.

Jioni nilisoma. Mwalimu wa Historia hawezi kuacha kuuliza kitu kilitoka wapi. Nembo iliyo kwenye tangi ni bunduki tatu zilizosimamishwa pamoja, kwa sababu kampuni ya BSA ilianzishwa Birmingham mwaka 1861 na watengeneza bunduki. Na injini yenyewe si ya Kiingereza kwa asili. Ilibuniwa Ujerumani na kampuni ya DKW, kwa jina RT 125. Baada ya vita kwisha mwaka 1945 michoro yake ikawa sehemu ya fidia iliyochukuliwa na washindi. Waingereza waliigeuza kushoto kuwa kulia, ndiyo maana gia ya Bantam hukanyagwa kwa mguu wa kulia, wakaanza kuiuza mwaka 1948. Warusi wakatengeneza ya kwao, Harley-Davidson wa Marekani wakatengeneza ya kwao, na Yamaha ya kwanza kabisa, ya mwaka 1955, ilifuata mchoro huo huo. Kitu kilichobuniwa na adui, kikachukuliwa kama ngawira, kikatengenezwa katika nyumba ya bunduki, kikaja kupandisha Injili milimani kwetu. Isaya aliona panga zikifuliwa kuwa majembe. Mimi niliona bunduki tatu chini ya vumbi la kuku.

Mchungaji wetu, aliyesoma Makumira, alipita kututazama akaniuliza swali la wanafalsafa. Mwandishi Plutarko anasimulia kwamba Waathene waliihifadhi merikebu ya shujaa wao Theseus. Ubao ulipooza waliutoa wakaweka mpya, mwaka baada ya mwaka, hata wenye hekima wakaanza kubishana: je, hii bado ni merikebu ile ile? "Na wewe, Mzee," akasema Mchungaji, "ukibadilisha matairi, mnyororo, spoku, ringi na pistoni, utatuletea pikipiki ya mwinjilisti au utatuletea nyingine?"

Swali lile lilinilaza macho. Mchungaji aliniazima kitabu kinachoeleza Aristotle, nikakuta kwamba mwalimu yule wa kale alifundisha kuwa hatukijui kitu mpaka tumejua sababu zake, naye alizitaja nne: kimefanywa kwa nini, kina umbo gani, nani au nini kilichokileta, na kiko kwa ajili ya nini. Nikaona kwamba chuma ni sababu moja tu kati ya nne. Paulo naye, katika 1 Wakorintho 15, anapoulizwa habari za mwili wa ufufuo, anajibu kwa mfano wa mbegu. Kinachozikwa sicho kwa sura kinachochipua, wala si kingine. Nikamjibu Mchungaji kwamba itakuwa pikipiki ya Baba maadamu inafanya kazi ya Baba. Akacheka. "Basi angalia hiyo sababu ya tatu," akasema, "maana ndiyo watu hupenda kuiruka." Hakujua alichokuwa akiniambia.

Wiki ya nne tulifika kwenye silinda. Pistoni ilikuwa imeshikana nayo kabisa. Tulimwaga dizeli, tukangoja. Siku ya sita fundi alipasha silinda moto taratibu, akaweka kipande cha mbao juu ya pistoni, akagonga kidogo kidogo. Ikatoka. Akaifuta, akaipeleka kwenye jua, akaigeuza muda mrefu bila kusema.

"Mwalimu, hii haikushikwa na kutu. Kutu ilikuja baadaye."

Akanionyesha. Ubavu wa pistoni ulikuwa umechanwa mistari tangu juu mpaka chini, na aluminiamu yake ilikuwa imepakazwa kwenye ukuta wa silinda kama siagi kwenye mkate. Nikamwambia habari inayojulikana: iliendeshwa kwa kasi mno, ikachemka mlimani. Akatikisa kichwa. Injini iliyochemka kwa kukimbizwa, alisema, mara nyingi huumia zaidi upande wa tundu la moshi, kwa kuwa ndiko kwenye joto. Hii imechanwa pande zote. Kisha akanishikisha konrodi. Pale chini inaposhika karanki chuma kilikuwa kimegeuka rangi ya bluu. "Huku chini moto wa petroli haufiki. Huku panafika oili tu. Na siku hiyo haikufika. Aliyejaza tangi alijaza petroli tupu."

Niliketi chini, mlangoni pa gereji.

Nilikuwa na miaka 13. Ijumaa ile Baba alinipa dumu na fedha, niende dukani njia panda ninunue petroli na kikopo cha oili. Fedha ya oili nilinunua soda na maandazi, nikala na rafiki zangu. Niliporudi nilimimina petroli kwenye tangi peke yangu, nikatikisa pikipiki kama nilivyomwona Baba akifanya, ili mtu akinitazama aone nachanganya. Nilijua oili ni lazima. Sikujua kwa nini. Nilidhani mara moja haitadhuru. Kesho yake kaka alirudi kwa miguu, mkono umefungwa kwa kanga, na usiku nilisikia sauti ya Baba.

Je, nilijua? Nimejiuliza mara nyingi. Nadhani kwa wiki chache nilijua, na kwa miaka michache nilishuku, na baada ya hapo nilijifunza kutokumbuka. Inawezekana kabisa kujifunza hivyo. Nimekuwa mzee wa kanisa, nimekuwa nikisuluhisha ndugu waliogombana mashamba, na lile jambo lilikaa bandani chini ya magunia.

Hapo ndipo nilipoielewa sababu ya tatu. Fundi hakuuliza nani. Aliuliza kwa nini, akaacha chuma kijibu, na jibu la kwa nini likamleta nani mwenyewe, aliyekuwa amesimama pale na kofia mkononi. Katika nyumba yetu tuliuliza nani siku ya kwanza, tukapata jibu siku hiyo hiyo, na kwa miaka hamsini hakuna aliyefungua injini. Baba alikuwa mtu wa haki. Lakini alitoa hukumu kabla ya kufungua silinda, nami niliyekuwa na ushahidi nilinyamaza, nikala matunda ya hukumu ile mpaka nikawa mwalimu.

Zilibaki wiki kumi kabla ya Jubilei. Pistoni mpya ilikuwa imeagizwa Uingereza, ambako vipuri vya Bantam bado vinapatikana. Fundi alikwisha kuirusha ile ya zamani kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Ninakiri mbele yenu kwamba usiku ule niliwaza jinsi mambo yatakavyokuwa rahisi. Silinda itachongwa upya, alama zote zitaondoka. Rangi itapigwa. Kaka amezeeka, ameshazoea. Kwa nini nimtoneshe kidonda? Nilikuwa na sababu nyingi nzuri, na zote zilinifaa mimi.

Asubuhi nilikwenda kuiokota pistoni katika ndoo. Bwana wetu amefundisha waziwazi kwamba mtu aliyekwisha kufika na matoleo yake, akamkumbuka ndugu aliyemkosea, matoleo yasubiri. Njia ya kwa ndugu ndiyo ya kwanza. Nilikuwa nimefundisha somo hilo kwa watoto wa kipaimara. Niliifunga pistoni katika kitambaa, nikapanda basi kushuka tambarare.

Nilimkuta kaka chini ya mwembe wake akikarabati bomba la kunyunyizia dawa. "Shikamoo kaka." "Marahaba, mdogo wangu. Kuna msiba?" Nikasema hapana. Nikakifungua kitambaa. Hakuhitaji kuelezwa ni kitu gani. Aliichukua akaizungusha vidoleni, akapitisha kucha kwenye mikwaruzo. Nikamwambia yote: soda, maandazi, kutikisa tangi.

Alikaa kimya mpaka shemeji alipoleta maji ya kunawa akayarudisha. Kisha akasema, akitazama ile pistoni, si mimi: "Mimi nilikwisha kukubali kwamba niliikimbiza. Nilikuwa nikikumbuka ile kona, najiona naikimbiza." Akanyamaza tena. "Hata Mungu nilimwomba msamaha kwa jambo hilo. Mwaka hadi mwaka."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Nilidhani nimemwibia shule. Kumbe nilikuwa nimemwibia hata kumbukumbu yake. Nilipiga magoti. Akasema, "Inuka, jua linazama, utakosa basi." Hakusema amenisamehe, nami sikumdai. Pistoni alibaki nayo.

Nilirudi nikaiandikia kamati kwamba pikipiki haitakuwa tayari. Siku ya Jubilei familia nyingine zilileta Biblia za kale, kengele na viatu. Mimi nilikaa mikono mitupu, na mtu mmoja aliniuliza kwa utani kama ahadi yangu imejamu. Nikasema ndiyo.

Kaka alikuja wiki mbili baadaye. Hakunipitia nyumbani, nilimkuta gereji, amevaa suruali ya kazi, anabishana na fundi juu ya silinda. Tulikwenda wote watatu Moshi kwenye karakana ya kuchonga vyuma, na huko nikajifunza jambo ambalo naliona kubwa kuliko yote. Silinda iliyochanwa haijazwi palipopungua. Inachongwa pande zote mpaka jeraha lote liishe, tundu linakuwa pana kuliko lilivyotoka kiwandani, na pistoni inayowekwa ni kubwa zaidi, yetu kwa karibu milimita moja. Nilikuwa nimeomba Mungu aturudishe tulivyokuwa kabla ya 1974. Mashine ile ilinionyesha kwamba hakuna kurudi huko. Kuna kuchongwa, na kuna nafasi pana zaidi baada yake, kama mtu anavumilia kuchongwa.

Kaka ndiye aliyeifunga pistoni. Vidole vyake, vya mkulima wa miaka 68, vilibana ringi zikaingia silindani bila kukwaruza. Fundi alinitazama. Tulikuwa tunaona fundi ambaye hakupelekwa Moshi.

Siku ya kuiwasha, haikuwaka. Tulipiga kiki mpaka miguu ikachoka. Mimi nilitaka tubadilishe kila kitu. Kaka na fundi walikataa: jambo moja kwa wakati mmoja, vinginevyo hutajua kilichoponya. Plagi ilitoa moto mzuri. Kabureta ilikuwa safi. Mwishowe waligundua sili moja ya karanki ilikuwa imekunjika ukingo wakati wa kuingiza, na chumba cha chini kilikuwa kikivuta hewa kisikoruhusiwa. Kwa nje huwezi kuiona. Ilibadilishwa. Kaka alichukua kikombe, akapima petroli vikombe ishirini na oili kimoja, akavihesabu kwa sauti huku akinitazama. Sikuinamisha macho. Hapo ndipo nilipomwona akitabasamu kwa mara ya kwanza katika jambo hili.

Iliwaka kiki ya tatu. Moshi wa bluu ulijaa gereji. Kaka aliipanda, akaipeleka polepole mpaka ile kona ya mlimani, akarudi, akazima. "Haikimbii hii," akasema. "Hata ukitaka."

Tuliitoa sadaka miezi minne baada ya Jubilei, Jumapili ya kawaida, watu wachache. Leo anaitumia mwinjilisti wa mtaa wa juu pale bodaboda zinapokosekana, na chini ya kiti kuna kikombe cha kupimia oili.

Mpendwa unayesoma, huenda nawe una banda. Huenda kuna ndugu ambaye katika nyumba yenu jina lake limekwisha kufungwa na kosa fulani, na hakuna aliyewahi kufungua injini. Usianze na rangi. Anza kwa kukaa kwenye kigoda, utazame, uulize kwa nini, na uwe tayari kwamba jibu laweza kukuelekea wewe. Sadaka ikichelewa kwa sababu hiyo, madhabahu itasubiri.

Ee Bwana, utupe ujasiri wa kufungua tulichokifunika, na utuchonge mpaka jeraha liishe. Amina.